Chakula cha Shahidi

Mwezi wa Aprili mwaka 1947, katika msitu wa Zika ulio jirani na mji wa Entebbe nchini Uganda, kima mmoja aliyepewa nambari 766, ambaye alikuwa amewekwa ndani ya kizimba juu ya jukwaa lililojengwa mtini ili mbu wamwume na wataalamu wapate kujua mbu hao wamebeba nini, alipatwa na homa; akatolewa damu, na maji ya damu yake yakadungwa katika bongo za panya weupe wadogo, ambao katika siku ya kumi waliugua. Kutokana na maradhi ya viumbe hao wanyonge walimwengu walipata kukijua kirusi ambacho tangu hapo huitwa kwa jina la msitu ule, na ambacho miaka karibu sabini baadaye kilitia hofu kubwa nyoyoni mwa akina mama wajawazito huko Brazili.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na aghalabu msimulizi huishia hapo. Mimi huvutwa zaidi na jambo lililofuata, ambalo halina shangwe wala vigelegele. Wataalamu wa Entebbe, kabla ya kuutangazia ulimwengu kwamba wamepata kirusi kipya, walikuwa na swali moja la kujibu: je, kilichowaua panya hawa kimetoka kwa kima, au kilikuwamo ndani ya panya wenyewe siku zote, kimejificha, kikingoja kuamshwa na sindano? Katika maandishi yao yaliyochapishwa mwaka 1952 walieleza kwamba walikipima kirusi chao pamoja na kile cha homa ya manjano, wakakipima pamoja na kile cha dengi, na wakakipima pia pamoja na kirusi kiitwacho cha Theiler, ambacho ni maradhi ya panya yasiyomhusu mwanadamu hata kidogo. Walikiona kuwa mbali na vyote. Kwa maneno mengine, walimtoa panya shubaha kwanza, ndipo wakausadiki ushahidi wake.

Hadhari hiyo ilikuwa na sababu. Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria ambaye kazi yake juu ya homa ya manjano ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951, ndiye aliyefungua njia ya kuwatumia panya weupe katika utafiti wa virusi vya aina hiyo. Na ni yeye huyo ambaye katika miaka ya 1930, mjini New York, aliwaona baadhi ya panya wake wakipooza miguu ilhali hakuwadunga kitu chochote. Alipotafuta alikuta kirusi kinachokaa katika matumbo ya panya, kimya, na mara mojamoja kupanda hadi kwenye uti wa mgongo. Miaka michache baadaye, katika mji uo huo, wataalamu waliokuwa wakitafuta virusi vya mafua ya binadamu katika mapafu ya panya walitambua kwamba nimonia waliyoiamsha ilikuwa ya panya wenyewe. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Sendai nchini Japani, kirusi kilichodhaniwa kimetoka kwa watoto wachanga wenye nimonia kilipatikana kwa kupitishwa katika panya, na baadaye wengi wakaona kwamba huenda panya ndio waliokuwa nacho tangu mwanzo.

Panya wa maabara, basi, ni shahidi. Tunamleta mbele ya baraza la ilimu, tunamwuliza kama dawa hii inaponya au inaua, kama uvimbe huu unakua au unanywea, kama chanjo hii inakinga au haikingi, naye hujibu kwa mwili wake, maana ulimi wa kusemea hana. Katika mabaraza yetu ya pwani kadhi haupokei ushahidi mpaka ajue kwamba shahidi ni mwadilifu, hana deni kwa mdai wala uadui na mdaiwa. Panya aliyebeba kirusi cha siri ni kama shahidi aliyelishwa maneno usiku wa kuamkia kesi: hasemi uongo kwa kusudi, walakini atakayoyasema hayatakuwa yake. Na tazama jinsi neno lenyewe lilivyojileta, kwa maana makala haya yanahusu kulishwa kwa hakika, si kulishwa kwa mfano. Yanahusu gunia la chakula.

Tangu masomo hayo ya kale, maabara kubwa za Marekani na Ulaya zimejitahidi kufunga kila mlango ambao maradhi yangeweza kupitia. Hewa iingiayo katika vyumba vya panya huchujwa. Kila kizimba kina kifuniko chenye kichujio chake. Wahudumu hubadili nguo na viatu, huvaa glavu na barakoa, na wengine huoga kabla ya kuingia. Panya wageni hutengwa kwa majuma kadhaa, au hawaruhusiwi kuingia kabisa ila kwa njia ya kiinitete kilichooshwa na kupandwa katika tumbo la mama aliye safi. Maji husafishwa kwa asidi au kwa vichujio. Matandiko ya pumba za mbao hupikwa kwa mvuke. Baada ya hayo yote, mlango mmoja hauwezi kufungwa, kwa sababu ukifungwa panya atakufa. Nao ni mlango wa chakula.

Haufai kudharauliwa mlango huo. Panya mdogo wa maabara ana uzito wa gramu 25 hivi, na kwa siku hula gramu 4 au zaidi kidogo. Ni kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Lakini nyumba ya utafiti yenye panya 10,000, ambayo katika vyuo vikuu vya Marekani si nyumba kubwa ya ajabu, inahitaji kilo 40 kila siku, na kwa mwaka zaidi ya tani 14. Basi huku mhudumu akiwa amefungwa barakoa na kuvishwa glavu kama daktari wa upasuaji, tani 14 za nafaka kutoka mashambani hupita kando yake na kuingia ndani.

Nafaka hiyo ni ya kawaida kabisa: mahindi, ngano, unga wa soya, mara nyingine unga wa samaki na majani makavu ya malisho, na vitamini na madini huchanganywa humo kwa vipimo. Husagwa, hulainishwa kwa mvuke, kisha hushindiliwa katika matundu ya chuma, ikatoka katika umbo la tembe ngumu za kahawia. Joto la mashine hiyo aghalabu huwa kati ya nyuzi 70 na 90 za Selsiasi, na hudumu kwa muda mfupi. Kabla ya hapo mahindi yamelala ghalani, yamepakiwa katika malori, yamemwagwa katika maghala makubwa ya duara pamoja na mahindi ya mashamba mengine mengi. Na popote penye nafaka pana panya wa mwituni.

Wazee wetu waliijua hakika hii kabla ya maabara yoyote. Ndiyo sababu nyumba za pwani zilikuwa na susu, kile kining'inizo cha kamba kilichofungwa kwenye boriti, chakula kikawekwa humo kikielea hewani, mbali na ukuta na mbali na sakafu. Na ndiyo sababu mwanamke aliyelelewa vizuri hakuupika mchele kabla ya kuupeta na kuuchagua katika ungo, akitupa mawe na makapi na kile kidude cheusi chembamba kama punje ya mpunga, ambacho akikiona alijua kwamba mgeni amepita. Ungo wake uliondoa kinyesi alichokiona. Mkojo uliokauka juu ya punje haukuonekana, na hauonekani leo katika kinu cha kisasa chenye taa na mitambo ya chuma.

Ndani ya kinyesi na mkojo huo hukaa virusi vya aina nyingi, ila vingi ni dhaifu nje ya mwili. Kirusi cha homa ya ini ya panya, kilicho cha ukoo mmoja na kile kilichotutia kizuizini mwaka 2020, kimevikwa utando wa mafuta, na utando huo ukikauka au ukipata moto au sabuni hupasuka, nacho kikafa. Anayetisha ni mwingine: parvo. Jina lake ni la Kilatini na maana yake ni mdogo, na kweli ni mdogo hata miongoni mwa wadogo, kwani upana wake hauzidi sana sehemu 20 hadi 25 za milioni ya milimita. Hana utando wa mafuta. Ana ganda tupu la protini lililokazana kama komwe, na ndani yake uzi mmoja wa vinasaba wenye herufi zipatazo 5,000. Ukavu haumdhuru. Sabuni haimdhuru. Joto la kinu cha tembe humpunguza, lakini huwezi kuapa kwamba limemmaliza.

Wa kwanza wa ukoo huu kuonekana katika panya wa maabara alitolewa katika panya wakubwa na Lawrence Kilham mwaka 1959. Wa panya wadogo alipatikana mwaka 1966, amejificha ndani ya akiba ya kirusi kingine kilichokuwa kikichunguzwa, mgeni ndani ya nyumba ya mgeni. Wa tatu, ambaye ndiye anayewasumbua wafugaji wa panya hata leo, alitambuliwa mwaka 1993, na namna alivyotambuliwa yafaa kuelezwa kwa sababu ndani yake mna kiini cha maudhui yetu: watu waliokuwa wakikuza chembe za kinga za panya katika vyombo vya kioo waliona chembe zao zikifa bila ya sababu, na walipotafuta muuaji wakamkuta. Yaani alijitambulisha kwa kuharibu kazi.

Panya mzima aliyeambukizwa haonyeshi chochote. Anakula, anazaa, manyoya yake yanang'aa. Msemo wetu wa kuuma na kupuliza, ambao tumeutoa kwa panya wa majumbani, unamfaa zaidi kirusi huyu, kwa kuwa huuma na mwenye kuumwa asijue maisha yake yote. Batini ndimo mlimo na madhara: kinga ya mwili inapotoka. Imeonekana kwamba panya waliobeba parvo hawa hukikataa kipande cha ngozi walichopandikiziwa kwa namna isiyo ya kawaida, na uvimbe wa saratani waliopandikiziwa vilevile huweza kukataliwa kwa namna ambayo dawa haikuhusika nayo. Mtafiti wa saratani ambaye uvimbe katika panya wake umenywea atashukuru na kuandika kwamba dawa yake imefanya kazi. Hana njia ya kujua, akitazama kizimba tu, kwamba aliyeunyweza ni kipande cha kinyesi kilichosagwa pamoja na mahindi miezi mitatu iliyopita katika mji asioujua.

Je, inawezekana kweli hayo yatokee kwa njia ya chakula? Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la kunong'onwa. Parvo alipozuka katika nyumba iliyofungwa sawasawa, watu walitafuta mhudumu aliyefuga panya nyumbani kwake, wakatafuta panya mgeni, wakatafuta ufa katika ukuta. Mwaka 2013 jarida la Marekani la ilimu ya wanyama wa maabara lilichapisha makala kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ambayo yalieleza mlipuko wa parvo wa panya na kukitaja chakula kisichotakaswa kuwa ndicho kilichoonekana kuwa chanzo. Nataka msomaji alizingatie neno hilo, kilichoonekana, ambalo limewekwa katika kichwa chenyewe cha makala. Mwandishi hakudai zaidi ya alivyoweza kuthibitisha, na ni uaminifu unaostahili heshima.

Kwa nini uthibitisho ni mgumu hivyo? Kwanza, najisi haikuenea katika gunia zima kama chumvi katika mchuzi. Ipo hapa tembe moja, na pale tembe moja, na kati yake maelfu yaliyo safi, hata ukichukua sampuli mia utaambiwa chakula hakina lawama. Pili, panya mzima wa baadhi ya koo, kama wale weusi waitwao C57BL/6 ambao hutumika kuliko wote, hahitaji kinga ya ziada ili kukishinda kipimo kidogo. Huambukizwa mmoja katika kizimba hiki, na mwingine katika kizimba cha chumba cha tatu, bila ya mpango unaoonekana. Na tatu, ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote: maambukizi hugunduliwa kwa kutafuta kingamwili katika damu ya panya walinzi, wale wanaowekewa matandiko machafu ya wenzao ili wapate kila kilichomo, nao hupimwa aghalabu kila baada ya miezi mitatu. Siku jibu linaporudi, gunia lililoleta maradhi limekwisha kitambo. Ushahidi umeliwa.

Pasipo njia ya kukipekua chakula hadi kupata yakini, hapana budi kukitakasa chote, na njia za kukitakasa ambazo dunia inazitegemea ni mbili.

Ya kwanza ni mvuke. Mwaka 1879, katika maabara ya Louis Pasteur jijini Paris, Charles Chamberland alitengeneza otoklevu, chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, ambacho ndani yake maji hayachemki katika nyuzi 100 bali hupanda hadi nyuzi 121 kwa kuwa shinikizo limefika maradufu ya lile la hewa tunayoivuta. Otoklevu za leo ni vyumba vya chuma ambavyo mtu aweza kusukuma kigari ndani, na kabla ya mvuke kuingia hewa hunyonywa, kwa sababu hewa iliyobaki kati ya tembe ni blanketi linalouzuia mvuke usiguse. Mvuke ukigusa hutonesha, na katika kutonesha hutoa joto lake lote mara moja. Ganda la protini la parvo, lililoshinda ukavu na sabuni, hulegea na kufumuka. Dakika 15 hadi 20 katika nyuzi 121 zatosha, ikiwa joto limefika katikati ya gunia, na hilo la kufika katikati ndilo linalowashinda wazembe.

Lakini moto ni rafiki wa gharama. Alipokuwa Batavia, mji uitwao leo Jakarta, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona katika miaka ya 1890 kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa na kung'arishwa walipooza, na walipolishwa mchele wenye kumvi zake walipona. Kutokana na uchunguzi huo dunia ilikuja kuifahamu vitamini B1, thiamini. Sisi tunaopenda mchele mweupe tuna haki ya kuikumbuka habari hiyo. Thiamini huyo ndiye wa kwanza kuangamia ndani ya otoklevu, na vitamini A humfuata. Protini nayo huungana na sukari kwa joto, hata sehemu ya lisini isipatikane tena tumboni. Panya akilishwa chakula cha kawaida kilichopikwa hivyo, atakuwa amekingwa na kirusi na kuugua kwa upungufu, na majibu yake kwa mtafiti yatakuwa ya uongo kwa njia nyingine. Kwa hiyo viwanda hutengeneza chakula maalumu cha kupitia mvuke, ambacho vitamini zake huongezwa mara kadhaa kabla, ili zinazoungua ziwe sadaka na zinazobaki ziwe chakula.

Tena tembe hukauka zikawa ngumu kama kokoto, au zikipata unyevu mwingi hugandamana zikawa bonge moja. Ugumu huo si jambo dogo. Kitoto cha panya cha majuma matatu, kinachoacha ziwa la mama yake, kina meno membamba kama uzi. Kikipewa tembe isiyong'ateka hubaki nyuma ya wenzake kwa uzito, na mtafiti asiyejua habari za jikoni ataandika kwamba jeni aliyoiharibu inadumaza watoto. Nimesoma habari nyingi za maabara, na sijapata jambo linalonionyesha wazi zaidi kwamba mpishi ni sehemu ya utafiti.

Njia ya pili ni miale. Magunia yaliyokwisha kufungwa hupitishwa mbele ya kobalti 60, ambayo hutoa miale ya gama na kupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na robo. Kipimo cha desturi kwa chakula cha panya ni kilogrei 25, na kwa panya wasio na kijidudu hata kimoja ndani ya miili yao hupandishwa hadi kilogrei 50. Ili msomaji apate kiasi cha ulinganifu: grei 4 au 5 kwa mwili mzima, bila ya tiba, huua takriban nusu ya watu watakaozipata, na kilogrei 25 ni grei 25,000. Hata hivyo nguvu hiyo yote ikigeuka joto hupandisha maji nyuzi 6 tu. Gunia hutoka kama lilivyoingia, si la moto, halina mnururisho ndani yake, tembe zina ulaini wake, na vitamini nyingi zimesalimika kuliko katika mvuke.

Ungedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu ya udogo wa adui. Miale huua kwa kugonga uzi wa vinasaba na kuukata. Bakteria wa matumboni, mwenye herufi zaidi ya milioni 4 katika uzi wake, ni shabaha pana, ilhali parvo mwenye herufi 5,000 ni shabaha finyu mno. Mvua ya mawe ikinyesha uani itavunja kila kigae cha paa, lakini punje moja ya mtama iliyoanguka uani humo yaweza kukutwa nzima asubuhi. Majaribio ya kuwalisha panya chakula kilichotiwa virusi kwa makusudi yameonyesha kwamba miale hupunguza sana uwezo wa parvo kuambukiza, ila haiwezi kutumainiwa kumwangamiza kila mara kama mvuke umwangamizavyo. Wala kipimo cha kusoma vinasaba hakiwezi kuamua mzozo huu, kwa kuwa huusoma uzi wa kirusi mfu sawasawa na wa kirusi hai, kama vile jina la mtu husomeka katika daftari hata baada ya maziko yake.

Na miale ina siri zake. Mwaka 2008 na 2009 huko Australia paka kadhaa waliokula chakula kilichopigwa miale ya kiasi kikubwa walipooza miguu ya nyuma kwa kuharibika uti wa mgongo na ubongo, na serikali ikakataza chakula cha paka kupigwa miale ya gama. Panya hawakuonekana kudhurika hivyo, na sababu ya tofauti hiyo imekuwa somo kwa wengi. Mimi naitaja ili mtu asije akadhani kwamba kilichotoka baridi hakikuguswa.

Ukiniuliza nichague, nitasema kwamba nyumba yenye panya wasio na kinga ya mwili, wale ambao jeraha dogo la kirusi huwa msiba, haina ruhusa ya kuacha mvuke, na imlipe mpishi anayeujua mvuke. Nyumba yenye otoklevu mbovu au wahudumu wachache itapata salama zaidi katika gunia lililopigwa miale na kufika limefungwa. Lililo baya ni desturi ya tatu, iliyokuwa ya kawaida na haijatoweka, ya kukinunua chakula kisichotakaswa kwa sababu ni rahisi, na kuuita uchache wa bei yake akiba. Parvo akiisha kuingia, mara nyingi hakuna tiba ila kuwaua panya wote wa chumba, kuviosha viinitete vya koo zenye thamani na kuanza upya, na kazi ya miaka ya wanafunzi wa uzamili huishia katika tanuri la kuchomea mizoga.

Wanaouawa siku hiyo ni mamia, pengine maelfu, na hawakutoa jibu la swali lolote. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walichapisha Uingereza kitabu kilichowafunza watafiti kwamba mnyama asitumiwe pale pasipo haja, wasitumiwe wengi pale wachache watoshapo, wala asipewe maumivu yanayoepukika. Na sheria za nchi nyingi leo zimejengwa juu ya fikira hizo. Katika madrasa zetu tulihadithiwa tangu utoto habari ya mwanamke aliyemfungia paka ndani, asimlishe wala asimwache ajitafutie, na adhabu iliyomfika. Mtoto husikia hadithi hiyo akamhurumia paka. Mtu mzima akiitafakari huona kwamba uzito wake uko katika kufunga: ukimfungia kiumbe mlango, riziki yake yote imekuwa shingoni mwako, na sifa ya riziki hiyo, usafi wake na utamu wake na madhara yake, vyote ni vyako. Panya wa maabara hawezi kuchagua tembe. Anayemchagulia ni mtu aliyetia sahihi hati ya ununuzi, na sijui kama watia sahihi wengi hulikumbuka hilo.

Katika nyumba zilizojengwa kwa kazi hii otoklevu ina milango miwili, mmoja upande wa najisi na mmoja upande wa tohara, na mitambo imepangwa hivi kwamba yote miwili haiwezi kufunguka kwa wakati mmoja. Mhudumu wa upande wa nje husoma tarehe ya kusagwa iliyopigwa chapa juu ya gunia, kwa kuwa chakula cha namna hii hakitakiwi kukaa zaidi ya miezi sita hivi; hutandaza tembe katika sinia zisirundikane, na katikati ya rundo huficha kichupa chenye mbegu za bakteria wavumilivu wa joto kuliko karibu wote wajulikanao. Ukanda wa karatasi uliobandikwa juu hubadilika rangi ukipata moto, lakini ukanda huo husema habari za nje tu, na mhudumu mwenye kujua kazi yake hauamini. Kichupa kikitolewa huwekwa katika joto la kuotesha kwa siku moja au mbili, na ikiwa maji yake hayakugeuka rangi, ndani yake hakuna aliyesalimika. Ndipo mtu wa upande wa pili, mwenye kofia na barakoa, hutia tembe katika vihori vya waya, kizimba baada ya kizimba, mamia kwa mamia. Na usiku taa zikizimwa kwa saa yake, panya huamka wakaanza kutafuna.